Mteja Aliye Karibu Zaidi

Siku ya Jumanne, baada ya sala ya adhuhuri, Mwavita alikuwa akimpimia mteja yadi sita za kitenge katika duka lake la Kamembe, mvua ilipomnyeshea mwalimu Laurence peke yake. Ilikuwa mvua ya upana wa beseni la kufulia. Ilianza nusu dakika baada ya simu yake kulia, ikamfuata kutoka kona ya benki hadi mbele ya duka la Valens, muuza miavuli, na barabara nzima, mbele yake na nyuma yake, ilibaki kavu yenye vumbi. Ujumbe aliopokea ulisema: "Mvua inakuja, Laurence. Mwavuli upo hatua arobaini kushoto kwako." Mwalimu akanunua mwavuli wa rangi ya kahawia, akaufungua, mvua ikakoma. Akaufunga, akaenda zake kusahihisha madaftari. Mwavita akamaliza kupima yadi ya sita, akakata.

Mambo hayo yalikuwa na umri wa miezi mitatu. Kampuni iliyojiita Hapo Ulipo ilipanga chumba ghorofani, juu ya duka la mabati, ikabandika mlangoni picha ya nukta ya buluu yenye tabasamu. Kazi yake, kwa maneno yake yenyewe, ilikuwa kumfikishia mteja tangazo linalomfaa, mahali panapomfaa, kwa wakati unaomfaa, maadamu simu iliyo mfukoni mwake hueleza daima aliposimama. Kila mfanyabiashara alichorewa mduara kuzunguka duka lake, na kila aliyeingia ndani ya mduara alipata ujumbe. Mwanzoni ujumbe uliwafikia hata wasio na haja, nao waliufuta kama mtu afutavyo jasho. Kampuni haikupenda kufutwa. Ikaurekebisha mtambo wake ili ujumbe usimfikie ila mwenye haja, na tangu siku ile kila aliyefikiwa na ujumbe akawa na haja.

Hapana aliyeuliza haja ilitoka wapi. Byiringiro, muuza viatu, alipotuma matangazo yake, soli zilibanduka miguuni mwa wapita njia, ya kulia kwanza. Mwenye duka la dawa alipotuma yake, watu walishikwa na maumivu ya kichwa wakifika penye nguzo ya umeme iliyomkabili. Wakazi wa bondeni, karibu na daraja la Rusizi ya Pili, walipata taabu ya namna yao, kwa kuwa simu zao hunasa mnara wa Kongo. Jambo hilo wenyeji wanalijua tangu simu zilipoingia, simu humkaribisha mtu ng'ambo naye yu kitandani kwake. Hao walipokea matangazo ya kampuni nyingine ya namna hiyo, ya Bukavu, wakashikwa na hamu ya mbuzi wa kuchoma wa mtaa wa Kadutu kabla mpaka haujafunguliwa, wakaketi vizingitini wakitazama mlima wa upande wa pili na kumeza mate.

Wafanyabiashara walisema biashara imechangamka. Ni watu ambao wakimwona mwenzao anazama, hutazama kwanza viatu alivyovaa.

Mwavita hakuwa miongoni mwa walioandikishwa. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na minane, naye duka aliachiwa na babake. Aliuza vitenge, kanzu, kofia na mashuka. Nyuma kabisa, kwenye rafu iliyofunikwa kwa pazia la kijani, palikuwa na jora la bafta nyeupe, ya sanda.

Bafta hiyo ilikuwa na adabu yake. Haikuning'inizwa mlangoni. Mwenye kuihitaji hakuitaja kwa jina. Alisimama kizingitini akasema, "Nimefika," naye Mwavita alielewa. Hakumwambia karibu. Hakumuuliza habari za nyumbani, hakumpa mkono wa kwaheri, wala hakumwambia aje tena. Aliichana bafta kwa mikono, pasi na mkasi, vipande vitatu kwa mwanamume na vitano kwa mwanamke, akavikunja, akavikabidhi kwa mikono miwili, na mpokeaji akaondoka bila kugeuka. Ndivyo alivyofanya babake kwa miaka arobaini. Katika muda wote huo hapakuwa na mtu wa Kamembe aliyewahi kuitiwa sanda.

Barazani kwake, ameegemea nguzo ya mbao, aliketi siku nyingi Nzigire, muuza sambaza zilizokaushwa, wale dagaa wa ziwani. Alizaliwa Bukavu, akasilimu pamoja na mumewe Muderhwa, ambaye sasa alikuwa muadhini wa msikiti uliokuwa ng'ambo ya barabara. Walikuwa na watoto wanne. Nzigire alivuka daraja mara mbili kwa juma kupeleka sambaza, na siku zilizobaki alikaa palepale, beseni mbele yake, simu pajani, akiwasemesha wapita njia wote, wakubwa kwa wadogo, na hakuwa na akiba ya maneno. Kwa miaka kumi na tisa Mwavita alikunywa chai yake ya saa nne pamoja naye. Hakuwa na ndugu mwingine wa karibu kuliko huyo.

Siku hiyohiyo ya Jumanne Parfait akaja. Huyu alikuwa kijana wa kampuni, mwenye viatu vyenye ncha na kibao cha kioo alichokikumbatia kifuani kama msahafu, Mungu atuepushe.

"Maman Mwavita, nakuya tu kukuweka ku karte."

"Ramani ya nini? Mimi sitangazi, mwanangu."

"Haiko kutangaza. Ni kukuweka mahali yako. Duka yenye haiko ku karte ni sawa haiko."

Mwavita akatazama kuta za duka, moja baada ya nyingine. "Nami nimekaa ndani ya nini?"

"Parfait," Nzigire akaita kutoka barazani, "ile karte yako inaonyeshaka bibi ya kuoa? Mama yako analalamika kila siku, anasema mutoto wake anajua nyumba ya kila muntu, ya kwake haijue."

"Maman Nzigire, weye utaniua siku moja."

"Oa kwanza. Nisipoteze mukiriya, muteja wa sambaza za ndoa."

Parfait akacheka, akagusa kioo chake, akamuuliza Mwavita anauza nini. Mwavita alikuwa ametoka kusali, na tasbihi ilikuwa bado mkononi. Kwake yeye, kuificha bidhaa kwa mwenye kuuliza kulikuwa sawa na kuificha kasoro iliyomo katika kitambaa, na jambo hilo babake alimkataza kabla hajaota meno ya pili. Basi akavitaja vyote kwa mpangilio wa rafu: vitenge, kanzu, kofia, mashuka. Kisha akasema, "Na sanda," na Parfait akaandika.

"Hiyo usimwitie mtu," akasema Mwavita.

"Siye hatuitake muntu, Maman. Tunamukumbushaka tu."

Kampuni ikampa mwezi mmoja wa matangazo ya bure, ambao hakuuomba. Ni wakarimu sana kwa kitu kisicho chao.

Juma la kwanza mtambo ulitangaza vitenge. Wanawake waliopita ndani ya mduara walichanikiwa nguo kwa nyuma, kutoka kiunoni hadi pindo, wakaingia dukani wakizishikilia kwa mikono miwili. Mwavita akawaketisha nyuma ya pazia, akawashonea bila malipo, akawarudisha majumbani. Taarifa ya kampuni iliandika kwamba wateja thelathini na mmoja walizuru duka na wakakaa kwa muda wa kuridhisha.

Juma la pili zilitangazwa kanzu. Katika rakaa ya pili ya alasiri, safu yote ya mbele iliingiwa na madoa mfano wa chai ya rangi, na waliokuwa safu ya pili, kwa kuwa simu zao zilikuwa zimezimwa, kanzu zao zikabaki nyeupe. Sheikh alitoa mawaidha juu ya usafi. Kisha akanunua kanzu mbili.

Juma la tatu yalitangazwa mashuka, na haifai kueleza yaliyowapata watu wazima wa mtaa ule vitandani mwao.

Ijumaa ya juma hilo Parfait alikuja akiwa na furaha, akamwonyesha Mwavita ratiba. Juma la nne, siku ya Alhamisi, baada ya alasiri, palikuwa na bafta.

"Hii tunaituma kwa muntu moja tu," akaeleza, "juu muntu mmoja anahitajaka moja tu. Mtambo unachagua mukiriya mwaminifu. Ule mwenye simu yake inakaaka karibu zaidi."

"Ni nani?"

Parfait akageuza kioo. Kulikuwa na mduara, na katikati ya mduara nukta ya buluu iliyotulia kama jiwe, na kando yake tarakimu: hatua kumi na mbili. Mwavita akainua macho akatazama barazani. Nzigire alikuwa akimfukuza kuku kwa kandambili huku akimtukana kwa Kimashi, lugha ya kwao.

"Lakini ni promosyo ya muzuri," akasema Parfait kwa sauti ya chini, maana na yeye alikuwa ameifuata nukta kwa macho. "Mimi siye mwenye kuchaguaka, Maman."

Mwavita akajifunga mtandio, akapanda ngazi za juu ya duka la mabati. Meneja wa kampuni, Benitha, alimpokea kwa heshima, akampa kiti na bilauri ya maji. Alikuwa mwanamke nadhifu, mwenye sauti ya mtu ambaye hajawahi kukatizwa.

"Mnajua ujumbe wenu unafanya nini?" Mwavita akauliza.

"Unafika."

"Nguo za watu zinachanika."

"Na wewe mama unauza nguo."

"Safari hii ni sanda. Huyu mliyemchagua ni mtu. Ana watoto wanne."

Benitha akatazama kioo chake. "Ni kweli, wanne," akasema. "Wawili wana simu."

Kisha akaeleza, kwa upole wa mwalimu wa chekechea, kwamba tangazo lililokwisha kupangwa haliondolewi. Kuliondoa ni kumnyima mteja taarifa aliyostahili kuipata. Hata hivyo kampuni ilikuwa na uadilifu wake. Haitangazi bidhaa isiyokuwepo. Ikiwa bafta imekwisha dukani, ujumbe hautatumwa.

Mwavita hakuyanywa maji yale. Akateremka, akaenda kwa sheikh.

Sheikh alimsikiliza hadi mwisho. Akasema kwamba ajali, siku ya kufa ya kila mja, imekwisha kuandikwa, haitangulizwi wala haicheleweshwi hata kwa saa moja, na kwamba kampuni haina kalamu ya kuiandikia. Mwavita akasema hayo anayaamini tangu utotoni. Sheikh akaufuta mkono wa kanzu yake mpya, ingawa haukuwa na kitu. "Huenda wameruhusiwa kuisoma tu," akasema.

"Basi wanaisoma ili wauze."

"Kusoma hakukukatazwa," akasema sheikh, na akasimama, kwa kuwa alikuwa na wageni.

Siku ya Jumamosi Mwavita alilibeba jora zima la bafta, akapanda basi la kwenda Ruhwa, kwenye mpaka wa Burundi, akalitoa sadaka katika msikiti wa huko, ambao waumini wake ni maskini na huzika mara kwa mara. Aliporudi, akafunua pazia la kijani akakuta jora jingine, urefu uleule, likinuka wanga wa kiwandani. Jumapili akalichana lote, akalipeleka kwa wanawake wenye kuosha maiti, wagawane. Adhuhuri rafu ilikuwa imejaa. Jumatatu akalitoa kabla ya chai, na chai haijapoa likawa limerudi. Akamwita Parfait, naye akaliona, akalipapasa, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Mtambo haukubalike tangazo bila bidhaa," akasema. "Ingekuwa kudanganya bakiriya."

Katika hilo kampuni ilikuwa na dhamiri, na dhamiri yao yote ilikaa hapo.

Siku ya Jumatano, wakati wa chai, Mwavita akamweleza Nzigire kila kitu. Hakupunguza neno. Nzigire akasikiliza huku akitenga sambaza kubwa na ndogo, na alipomaliza akapuliza vidole vyake.

"Kesho?"

"Kesho, baada ya alasiri. Zima simu, dada yangu. Itupe majini."

"Niitupe? Bantu ba Bukavu bote biko mule ndani. Mama wa Nyawera, mama wa Essence, ule mwenye oteli. Nikiitupa, miye nitauza sambaza kwa nani, kwa ule kuku?" Akainywa chai. "Na tena, Maman, kama kifo kinakuya na rezo ya simu, usiogope. Rezo ya hapa kwetu itakatika mbele kifike."

Mwavita hakucheka. Hilo halikuwahi kutokea kwa miaka kumi na tisa, na ndilo lililomwachisha Nzigire mzaha. Akaweka kikombe chini.

"Unaogopa kweli."

"Naogopa."

"Wanangu banne, Mwavita. Wa mwisho hajue hata kusonga bugali." Akalifunika beseni. "Sawa. Kesho nitavuka. Nitakaa ng'ambo hata mangaribi. Kule Kongo hao bantu ba nukta habana mduara."

Likawa shauri jema, na hata leo haionekani kasoro yake. Kampuni ilikuwa na leseni ya upande mmoja tu. Alhamisi asubuhi Mwavita alifunga duka, akamsindikiza Nzigire hadi darajani, beseni la sambaza wakipokezana njiani. Walizungumza juu ya bei ya mafuta ya mawese na juu ya binti wa jirani. Penye kizuizi Nzigire akatoa karatasi yake, akamtania askari kwamba mashavu yake yamenenepa tangu juzi, akagongewa muhuri. Akavuka. Mwavita alisimama akimtazama akipanda mlima wa upande wa pili na beseni kichwani, hadi kitenge chake cha manjano kikachanganyika na vitenge vya wengine. Ndipo akarudi, akafungua duka, akaketi akimsabihi Mola.

Saa tisa na dakika ishirini Muderhwa aliadhini. Saa tisa na dakika arobaini watu walikuwa wakitoka msikitini.

Wakati huo Nzigire alikuwa Bukavu, soko la Nyawera, akimpimia mtu sambaza kwa kopo. Ni mahali palipoinuka, na simu za huko, kama kila mchuuzi wa pande zote mbili ajuavyo, hunasa mara kwa mara mnara wa Rwanda. Mtu yuko Kongo na simu yake imerudi nyumbani. Simu yake ikalia. Ujumbe ulisema: "Nzigire, uko hatua kumi na mbili tu kutoka kwenye bafta safi nyeupe. Vipande vitano. Hakuna kusubiri."

Na kwa kuwa ujumbe ulisema yuko hatua kumi na mbili, akawa hatua kumi na mbili. Wachuuzi wa Nyawera waliona nafasi imebaki wazi, wakasogeza mabeseni yao kuijaza. Mnunuzi akalalamika kwamba kopo lake halikujaa, kisha akaenda kwa mwingine.

Mwavita alisikia beseni likitua barazani. Akatoka. Nzigire alikuwa ameketi mahali pake, ameegemea nguzo, viatu vyake vina udongo mwekundu wa Bukavu, na mkononi ameshika kopo lenye sambaza nusu.

"Umerudi kwa njia gani?"

"Sijue, Maman. Nilikuwa napimia muntu." Akatazama kopo, akalirudisha ndani ya beseni kwa uangalifu ili sambaza zisimwagike. Kisha akaitazama simu. "Ona banaandika jina yangu muzuri. Hata ku kitambulisho banaikoseaka."

"Usiisome."

"Nimeshaisoma." Akavuta kitenge mabegani. "Kuko baridi hapa kwako leo."

Hapakuwa na baridi. Mwavita akaketi chini kando yake, akamshika mkono, akaona vidole vyake vimepoa kama vya mtu aliyetoka ziwani. Akamwita mumewe, lakini Muderhwa alikuwa bado msikitini akikunja mikeka, hakusikia. Basi akamtamkia shahada, na Nzigire akaifuatisha kwa lafudhi yake ya Kadutu, neno kwa neno, na hakuikosea. Akasema mwanawe wa mwisho asiachwe peke yake na jiko. Kisha akakiegemeza kichwa kwenye nguzo, na pumzi ikakatika.

Watu waliokuwa wakipita walisimama, wakavua kofia, wakaanza kushughulika kama inavyopasa. Mmoja akamwita Muderhwa. Mwingine akaenda kuwatafuta watoto. Hakuna aliyesema amemwona akivuka daraja kurudi, wala hakuna aliyeuliza.

Mwavita akaingia ndani, akafunua pazia la kijani. Kwa mara ya kwanza tangu babake alipofungua duka lile, hakuja mtu kusimama kizingitini na kusema amefika. Aliyefika alikuwa mwenye sanda mwenyewe. Akaichana bafta kwa mikono, vipande vitano, na sauti ya kuchanika ilisikika hadi barabarani. Yeye ndiye aliyemwosha, yeye na wanawake wawili. Alimwosha udongo wa Bukavu miguuni kwa maji ya vuguvugu, akamtia kafuri mahali pa kusujudia, akamvika. Wakamzika asubuhi ya Ijumaa.

Benitha na Parfait walikuja kuhani. Walivua viatu, wakakaa mkekani, wakakubali kahawa. Parfait alilia kwa machozi ya kweli, uso ameuficha ndani ya kiwiko, na watoto wa marehemu ndio waliombembeleza. Benitha aliwapa wafiwa mkono mmoja mmoja, kisha akamwomba Mwavita wakae pembeni kidogo. Akamwonyesha taarifa. Ujumbe uliotumwa ulikuwa mmoja, uliosomwa mmoja, mteja aliyefika dukani mmoja, bidhaa iliyochukuliwa moja. Kampuni haikuwahi kupata ukamilifu wa namna ile katika mji wowote.

"Futeni duka langu," akasema Mwavita.

"Tutalitumia kama mfano," akasema Benitha, ambaye alidhani anampa heshima.

Mfano ukatumika. Kabla siku tatu za matanga hazijaisha, Nzabonimpa, fundi wa majeneza, alikuwa amechorewa mduara kuzunguka nyumba za wazee wa mtaa wa juu, na wapangishaji wawili wa mahema na viti walikuwa wakiugombea mmoja uliozunguka barabara ya mteremkoni, ambako pikipiki hukimbia. Vifo viliongezeka kwa kiasi ambacho wauza maharage na wauza mchele walikiita cha kutia moyo. Watu walifunga maturubali, wakala, wakasifu jinsi kila kitu siku hizi kinavyopatikana karibu. Kamati ya msikiti nayo, baada ya mashauriano, iliomba mduara wa kuwakumbusha waumini sala, ikapewa. Waliokawia walihisi joto kwenye nyayo, na safu zikajaa hadi uani. Sheikh alimshukuru Mwenyezi Mungu kwa kuamka kwa nyoyo. Kuhusu nyayo hakusema kitu.

Mwavita aliacha kufungua duka. Haikuzuia chochote. Rafu ilijaa, mlango ukiwa umefungwa.

Siku ya nne alikaa barazani na Muderhwa. Mzee alikuwa ameketi mahali pa mkewe, mgongo kwenye nguzo, na simu ya marehemu ikiwa katika mfuko wa kifuani, kwa kuwa wanawake wa Bukavu walikuwa bado wakipiga kuulizia sambaza, naye alimjibu kila mmoja, akamweleza, akangoja amalize kulia. Simu ikalia tena, lakini haukuwa mwito. Macho yake hayasomi vizuri. Akampa Mwavita.

"Inasema nini?"

Mwavita akaisoma kimya, akataka kumrudishia.

"Soma, Maman."

"Inasema, 'Asalaam aleikum, Nzigire.'"

"Waaleikumu salaam warahmatullah," akasema Muderhwa, kwa sauti kamili, kwa kuwa salamu ni wajibu kujibiwa hata ikitoka kwa nani. "Na kisha?"

"'Umezuru duka la Mwavita. Je, ulipata ulichohitaji? Tafadhali gusa nyota.'" Akazihesabu. "Ziko tano. Achana nazo, Mzee. Hawa hawastahili jibu."

Muderhwa akafikiri. Alikuwa mtu wa adabu, asiyejua namna nyingine ya kuishi na watu.

"Bametoa salamu," akasema. "Bametaja jina yake. Muntu akikusalimia vizuri na kukuuliza, unamujibu, hata kama hapendezi. Sasa yeye hawezi kujibu tena. Ni miye."

Akaichukua simu. Alikuwa na kidole kinene, cha mtu aliyebeba mizigo bandarini kabla ya kuwa muadhini. Alikusudia nyota ya kwanza, au labda hakukusudia yoyote. Kiligusa ya tano. Kioo kikaangaza, nyota zote zikageuka manjano. Mwavita akaisoma iliyofuata, maana aliombwa. Kampuni ilimshukuru Nzigire kwa kuridhika kwake. Kwa ajili ya jibu lake jema, huduma ingeendelea kwa ndugu na majirani zake walio karibu.

"Vizuri," akasema Muderhwa, bila kufikiri sana maana ya maneno. Akalitazama jua, akaona wakati umefika. Akairudisha simu katika mfuko wa kifuani, akajikung'uta, akavuka barabara. Baada ya kitambo kidogo sauti yake ikapanda, na watu wakatoka madukani, simu mifukoni, wakaingia katika mduara wakienda kusali.